Canter iliyochoka injini: ovaholi ya kawaida, ovaholi ya kuongeza nguvu, au injini ya mtumba?

Msimu wa korosho ukiisha, mwenye Canter huijua hali ya injini yake bila kuambiwa na fundi. Moshi wa bluu asubuhi, breza (bomba la kupumulia injini) inapuliza kama birika linalochemka, na dumu la oili halikosi nyuma ya kiti. Hapo mapendekezo huwa matatu. Wa kwanza atasema fungua, fanya ovaholi kwa vipimo vya kiwanda. Wa pili: maadamu unafungua, weka spea za juu na turbo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye silinda, ipande Newala bila kulia. Wa tatu: acha kuhangaika, agiza ya mtumba kutoka Dar.

Kwa lori la mizigo la Mtwara na Lindi, sisi mara nyingi tunaegemea la kwanza, likiongezewa maboresho machache ambayo karibu yote yako nje ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Ila vipimo ndivyo vyenye kauli ya mwisho.

Pima kwanza

Si kila moshi ni ugonjwa wa pistoni. Moshi mweusi kwa kawaida ni nozeli mbovu, taimingi ya pampu au filta ya hewa iliyoziba. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia silinda. Wa bluu ndio oili, na hata huo unaweza kutoka kwenye sili za valvu, kazi inayoishia kwenye hedi tu, kifuniko cha juu cha bloku.

Kisha pima kompresheni. Injini iwe ya moto, betri iwe na nguvu, toa nozeli zote na ufunge geji kwenye tundu la nozeli, silinda moja baada ya nyingine. Dizeli za kundi hili zikiwa nzima husoma karibu bar 26 au zaidi. Ikishuka chini ya 20, au silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya bar 4, hapo kuna kazi ya kufungua.

Ukishafungua, vitu viwili ndivyo vitakavyokuchagulia njia: krenki na bloku. Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ipimwe kwa mikromita, kila jongo (shingo yake inayokaa kwenye beringi) sehemu mbili na kila sehemu pande mbili. Ikiwa jongo limepoteza uduara kwa zaidi ya takriban milimita 0.03, au ukucha unakwama kwenye mikwaruzo, inakwenda kusagwa. Saizi za kusaga ni milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Krenki iliyokwisha kufika 1.00 haina tena pa kwenda. Baadhi ya krenki za Isuzu zimekomazwa ngozi kwa naitrojeni na kiwanda chenyewe kinasema zisisagwe. Mafundi wengi huzisaga tu na zinatembea, lakini ngozi ngumu ikishaondoka jongo hulika haraka kuliko mwanzo.

Bloku itazame kati ya silinda na silinda, na kwenye matundu ya bolti za hedi. Ufa ukionekana hapo, habari ya ovaholi imekwisha. Ruka hadi sehemu ya mtumba.

Tatu kwa pamoja

| | Kawaida | Na turbo | Mtumba |
|---|---|---|---|
| Inafaa ikiwa | bloku nzima, krenki ina saizi iliyobaki | bloku na krenki nzima kabisa, klachi na breki nzuri | bloku ina ufa au krenki imefika 1.00 |
| Gari kusimama | wiki 2 hadi 3 krenki ikienda Dar | zaidi ya hapo. Mabomba na pampu huchelewesha | siku chache, mauntini zikilingana |
| Hatari kubwa | uchafu wakati wa kufunga | joto la pistoni | kununua uchovu wa mwenzako |
| Kadi ya gari | haiguswi | haiguswi | namba ya injini lazima irekebishwe TRA |

Mstari wa mwisho watu huupuuza hadi siku ya kuuza gari. Risiti ya injini ya mtumba itunzwe tangu siku ya kwanza.

Ovaholi ya kawaida

Nyumbani unaweza kushusha injini kwa chenibloki, kufungua, kuosha, kupima na kufunga. Kuchonga silinda, kusaga krenki, kukata siti za valvu, kukwangua uso wa hedi na kupima pampu ya dizeli ni kazi za mashine, hakuna ujanja. Kama karakana ya karibu haina mashine ya krenki, basi krenki itapanda gari kwenda Dar, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara. Ipakwe grisi, ifungwe kwenye gunia safi, isimamishwe wima ndani ya kasha. Ikilazwa bila egemeo la kutosha huku ikirushwarushwa kwenye buti, inaweza kurudi imepinda. Hesabu pia hali ya hewa: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika eneo la Somanga. Aliyekuwa na spea njiani alisubiri.

Unaponunua spea, usiseme "naomba pistoni za Canter". Canter zina injini za namba tofauti: 4D32 ina silinda ya milimita 104 na mwendo wa pistoni wa 105. 4D34 nayo ni 104, lakini mwendo ni 115. 4D33 ni 108 kwa 115. Kwa hiyo pistoni ya 4D32 itaingia vizuri kabisa kwenye silinda ya 4D34, na kimo chake hakitakuwa sahihi. Upande wa Isuzu, 4HF1 ni 112 kwa 110. Nenda na namba iliyogongwa kwenye bloku, pamoja na pistoni ya zamani mkononi.

Spea bandia haijifichi sana ukiwa na vifaa. Pima pistoni zote nne kwenye mizani ya kidijitali ya dukani: zikitofautiana kwa zaidi ya gramu 5 hadi 10, zirudishe. Mgongo wa beringi uwe na alama ya saizi, STD au 0.25, na ilingane na karatasi ya msagaji. Ringi ina herufi ndogo upande mmoja. Upande huo unatazama juu. Ringi ya pili ikigeuzwa hupandisha oili badala ya kuikwangua chini, na gari litatoa moshi kana kwamba hujafanya kitu.

Msagaji aambiwe waziwazi aache duara kwenye kona ya jongo. Kona ikikatwa mraba, ufa utaanzia hapo, na krenki itakatika ikiwa na mzigo, haitangoja ukiwa nyumbani.

Silinda ikishachongwa, ukuta wake uwe na michoro inayokatana kwa nyuzi 45 hadi 60. Hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi. Sasa hatua ambayo hurukwa kuliko zote: kuosha. Watu huosha kwa dizeli na kuridhika. Dizeli huondoa mafuta, lakini unga wa jiwe la kunolea hubaki umejikita kwenye michoro. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi ngumu, hata mara tatu. Kausha, kisha chukua kitambaa cheupe chenye oili safi kidogo, pitisha kwenye silinda. Mara ya kwanza kitatoka na ukungu wa kijivu. Rudia. Kitambaa kikitoka cheupe kama kilivyoingia, ndipo silinda ni safi. Paka oili papo hapo, maana kwa unyevu wa bahari yetu chuma kilichochongwa leo asubuhi hupata kutu kabla ya usiku kuisha.

Kufungia chini ya mkorosho ni raha kwa fundi, si kwa injini. Tafuta chumba chenye mlango, mwagia sakafu maji ili vumbi litulie, na kila unapoondoka funika kazi kwa nailoni safi.

Vipimo vya kufungia vitoke kwenye kitabu cha injini yako. Kama dira tu: pengo la ringi ya juu kwa silinda za ukubwa huu ni milimita 0.3 hadi 0.5, ukiipima ikiwa imesukumwa wima ndani ya silinda kwa pistoni. Nafasi ya beringi huwa karibu elfu moja ya kipenyo cha jongo, yaani jongo la milimita 65 likitoa takriban 0.065 uko pazuri. Pima kwa plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa ndani ya beringi. Pima pia pistoni inavyochomoza juu ya uso wa bloku ikiwa kileleni. Dizeli nyingi za aina hii zina gasketi za hedi za unene tofauti, na kimo hicho ndicho kinachochagua unene. Ukiweka nyembamba kwa kubahatisha, pistoni inaweza kugonga valvu. Ukiweka nene, kompresheni inashuka na asubuhi gari halitaki kuwaka.

Toki renchi si anasa. Fundi akikuambia, "Mzee, mkono wangu unajua," mpe heshima yake, na toki renchi umpe.

Spea za juu: zipi zinalipa, zipi zinakula pesa

Hapa ndipo maneno ya dukani ni mengi. Twende moja moja, kwa kuwa "za juu" si kundi moja.

Pistoni yenye pete ya chuma kwenye mfereji wa ringi ya juu inalipa. Aluminiamu tupu hutanuka mfereji kwa joto na mpigo, ringi ikaanza kucheza. Tofauti ya bei si kubwa kwa kazi inayofanya.

Beringi za tabaka tatu zinafaa gari linalobeba mzigo wa kudumu, mradi krenki imesagwa sawasawa. Kwenye krenki iliyopoteza uduara, beringi ya bei kubwa itakufa sawa na ya bei ndogo.

Gasketi ya tabaka za chuma ni mfano wa spea bora inayoweza kukuangusha. Inataka nyuso mbili laini na bapa kweli. Hedi iliyokwanguliwa na mashine iliyochoka, au iliyosuguliwa kwa msasa mezani, itavujisha maji mapema. Ya mchanganyiko wa kawaida husamehe zaidi. Kwa ovaholi ya uani, isiyo na turbo, tungebaki na hiyo ya kawaida kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika.

Pampu ya oili ya ujazo mkubwa: hapana. Presha ikishuka, kwa kawaida oili inatorokea kwenye beringi zenye nafasi kubwa. Pampu kubwa inaficha tatizo, haiondoi. Weka pampu mpya ya kawaida na ukague valvu ya presha kama inateleza vizuri.

Sasa turbo. Kuifunga kwenye 4D33 isiyozaliwa nayo kunawezekana, na mlimani tofauti inasikika. Lakini hewa peke yake haileti nguvu. Nguvu inakuja pampu ikiongezwa dizeli, na dizeli ya ziada ni joto. Injini iliyozaliwa na turbo kwa kawaida ina pistoni za kompresheni ya chini kidogo na vijibomba kwenye bloku vinavyorushia oili tumbo la pistoni ili kulipoza. Yako haina. Ukisukuma, kichwa cha pistoni hulainika, hupasuka ukingoni, na mara nyingi silinda moja tu ndiyo inayokufa, ile iliyokuwa na nozeli inayomwaga zaidi.

Ukiamua kuifunga hata hivyo, mambo manne hayana mjadala. Presha ya hewa isizidi bar 0.5 hivi. Geji ya joto la ekzosi ifungwe kabla ya turbo, na dereva aachie mafuta ikikaribia nyuzi 650. Bomba la kurudishia oili liwe nene na lishuke moja kwa moja hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini) bila kupanda popote. Likiwa jembamba au likipinda juu, oili husongamana na turbo hutema moshi ingawa ni mpya. Na kabla ya kuzima, injini ingurume polepole dakika 2 au 3. Dereva anayezima mara moja na kurukia chini mbele ya ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anaichoma oili ndani ya turbo kila siku.

Halafu kuna yasiyoandikwa kwenye boksi la turbo: klachi itaanza kuteleza, difu itachoka mapema, na breki ni zilezile. Magunia 50 ya korosho ya kilo 80 ni tani 4 tayari. Turbo haibadilishi alichoandika mtengenezaji kwenye kibati cha uzito.

Mwenye kiu ya nguvu kweli angetafuta 4D34 yenye turbo ya kiwandani kuliko kuibebesha 4D33 isichokizoea. Huko kila kitu kilihesabiwa pamoja.

Maboresho ya nje ya bloku

Haya hayana sifa kijiweni, ila ndiyo tunayoyaweka mbele.

Hewa kwanza. Vumbi jekundu la barabara za Tandahimba na Newala ndilo muuaji namba moja wa ringi, kuliko umri. Weka kichujio cha awali cha kuzungushia vumbi juu ya bomba la hewa, filta yenye ya ndani na ya nje, na ukague mpira kati ya filta na injini. Ufa mdogo wa mpira huo ukiwa na alama ya vumbi upande wa ndani unatosha kumaliza ringi mpya ndani ya msimu mmoja.

Maji ni la pili. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hula rejeta na pampu ya maji. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari. Ukikosa, maji ya mvua kutoka tangi safi, kama wanavyoyavuna watu wa nyanda za Makonde, ni bora mara nyingi kuliko ya kisimani, na uongeze dawa ya kuzuia kutu. Rejeta yenye safu tatu badala ya mbili ni pesa iliyotumika vizuri kwa joto la huku. Themostati usiitoe. Injini ikikimbia baridi, oili haipati moto wa kutosha kufukuza unyevu, na silinda hulika.

Tatu, kitenganishi cha maji kwenye dizeli. Dizeli ya pipa ina maji mara kwa mara. Fungua koki ya chini kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Injini ya mtumba

Faida yake ni muda. Katikati ya Oktoba hadi Desemba, minada ikiwa inaendelea na mzigo wa kwenda ghala kuu ukisubiri, wiki tatu za ovaholi zinaweza kugharimu kuliko injini. Kwa hiyo hata anayependa ovaholi anaweza kununua mtumba msimuni, halafu ile ya zamani akaitengeneza taratibu Februari hadi Mei.

Usinunue iliyooshwa ikang'aa kabla hujafungua kifuniko cha oili. Ukiona uji wa rangi ya maziwa, ondoka. Zungusha krenki kwa spana mzunguko mzima. Ikikwama sehemu moja, kuna kutu au kitu ndani. Isukume na kuivuta krenki mbele na nyuma usikie mchezo wa trasti, beringi inayoizuia kusogea hivyo. Toa nozeli, ingiza kamera ndogo ya kuunganisha na simu, utazame ukuta wa silinda: michoro ya kiwandani ikionekana bado, hiyo ina maisha. Ikiwezekana iwashwe chini, kifuniko cha oili kiwe wazi, uone inavyopuliza.

Linganisha kabla ya kulipa: nyumba ya flaiwili, mauntini, sampu, upande wa stata, na kama pampu ni ya mitambo au ya umeme. Injini ya umeme bila kompyuta yake na nyaya zake ni chuma cha kukalia. Kwa mazingira ambayo mashine ya kuisoma haipo kila mji, pampu ya mitambo bado inatufaa.

Hata ikipita yote hayo, badilisha mkanda, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krenki na filta zote ikiwa bado chini. Sili ya nyuma ni ya bei ndogo. Kuifikia baadaye ni kushusha gia.

Siku ya kuwasha na kilomita za mwanzo

Kwa njia yoyote ya kufungua, usiwashe moja kwa moja. Kata dizeli, piga stata vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, ndipo uwashe. Tumia oili ya 15W-40 ya daraja la dizeli, CI-4 kwa mfano. Usiiache ikinguruma saa nzima "izoee": ringi hukaa kwa presha, na injini inayonguruma bila mzigo hulainisha ukuta wa silinda kama kioo, kisha inakula oili maisha yake yote. Peleka gari barabarani likiwa na nusu ya mzigo. Njia ya Mtwara hadi Lindi kupitia Mnazi Mmoja inafaa. Badilishabadilisha mwendo, usiilazimishe gia kubwa kwenye mwinuko.

Kwenye kilomita 500 mwaga oili, toa filta, ikate kwa kikata filta, si kwa msumeno unaoacha unga wa chuma, ukunjue karatasi yake juani. Vumbi laini la chuma linaloshikwa na sumaku ni la kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyoonekana kwa jicho na sumaku haivivuti, vya rangi ya fedha au shaba, ni beringi: fungua sampu siku hiyohiyo, kabla konrodi haijaanza kugonga.